Kwa Nini Waigizaji Hulala Hotelini na Kukaa Katika Trela

Kila mara sinema inapoonyeshwa katika mabwalo ya askari, hasa sinema yenye vita ndani yake, huzuka swali ambalo aghalabu hujibiwa kwa kicheko badala ya hoja. Askari humwona mtu akitambaa matopeni, akilala handakini, akivuka mto kwa kamba. Kisha husoma gazetini kwamba mtu huyo huyo, siku zile zile, alikuwa akilala katika hoteli yenye kiyoyozi, na mchana, kati ya tope moja na jingine, alikuwa akijipumzisha ndani ya trela yenye kitanda, kioo na choo cha peke yake. Basi husemwa, "Shujaa gani huyu?" na mjadala huishia hapo.

Sisi, ambao miongoni mwa kazi zetu ni kupokea maombi ya watu wa magazeti na wa sinema wanaotaka kuingia katika maeneo yenye ulinzi, tumeona vema kulijibu swali hilo kwa utaratibu, maana si swali la anasa peke yake. Ni swali la saa, la mwanga na la usingizi, na mara nyingine ni swali la uhai wa mtu. Tena mwanajeshi au polisi yeyote aweza siku moja kupangiwa lindo mahali panapopigwa sinema. Mlinzi asiyejua kwa nini kitu kimewekwa pale kilipowekwa hulinda kwa macho tu.

Ili hoja yetu isielee hewani, tuchukue mahali pamoja na kupapima kama afisa apimavyo uwanja kabla ya kupiga kambi. Tuchukue Nchelenge.

Mji huo uko katika Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru. Jirani yake ni Kashikishi, penye soko la samaki. Ng'ambo ya maji ni Kongo, na mji wa Kilwa wa huko, ambao si ile Kilwa ya pwani ya Tanzania, hufikiwa kwa mashua. Kwa sababu hiyo Kiswahili husikika sokoni Kashikishi, ijapokuwa lugha inayotawala ni Kibemba. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita zipatazo 130, na kwa kuwa mji uko mashariki yake, jua huzama majini mbele ya macho ya mtu aliyesimama ufukoni. Usiku wavuvi hutoka na taa kuwavua chisense, samaki wadogo wanaokaushwa na kupelekwa mbali, na alfajiri hurudi.

Sasa tuseme mwongozaji wa sinema anataka picha ya mashua hizo zikirudi. Kamera itaelekezwa ziwani, jua litachomoza nyuma ya mpigapicha upande wa nchi kavu, na mwanga wa kwanza utawapiga wavuvi usoni. Ni picha nzuri, lakini mwanga huo haukai. Katika nchi zilizo karibu na ikweta jua hupanda upesi. Baada ya muda mfupi vivuli hukatika, nyuso huwa ngumu, na kinachobaki ni mchana mweupe wa kawaida. Aliyeikosa picha saa 12 asubuhi hana budi kungoja hadi kesho yake saa 12 asubuhi, huku watu wote, magari yote na jenereta zote zikiendelea kulipiwa.

Basi mwigizaji anatakiwa awe tayari ndani ya mashua kabla ya saa 12. Kabla ya hapo lazima avikwe maleba na apakwe rangi za uso. Kwa mtu wa sura ya kawaida kazi hiyo yaweza kuchukua saa nzima. Kwa mwenye ndevu za kubandikwa au jeraha la bandia huweza kupita saa mbili. Kwa hiyo ataamshwa saa 9 usiku, au kabla yake. Kama amelala Mansa, makao makuu ya mkoa, ana zaidi ya kilomita 200 za barabara mbele yake, pamoja na watu, mbuzi na baiskeli njiani. Itambidi aondoke kabla ya usiku wa manane. Kwa maneno mengine, hatalala kabisa, na kamera itayaonyesha macho yake mekundu bila huruma. Ndiyo maana hutafutiwa kitanda Nchelenge au Kashikishi kwenyewe, na kama vitanda havitoshi, hupigwa mahema.

Jambo hili nchini Marekani limeandikwa hata katika mikataba. Chama cha waigizaji cha huko, kilichoanzishwa mwaka 1933, kiliweka kanuni kwamba kwa kawaida mwigizaji apewe saa 12 za kupumzika tangu anapoachiwa jioni hadi anapoitwa tena, na mwajiri anayezivunja hulipa faini. Mjini Los Angeles kuna hata duara linalopimwa kwa maili 30, yaani kama kilomita 48, kutoka mahali pamoja palipowekwa mjini humo. Kazi iliyo ndani ya duara hilo, mwigizaji hurudi nyumbani kwake. Iliyo nje ya hapo hadi kulazimu kulala, mwajiri hugharimia malazi. Yeyote aliyewahi kupanga zamu za lindo ataitambua hesabu hiyo mara moja.

Hayo ni ya hoteli. Trela ni habari nyingine.

Mtazamaji hudhani kwamba sinema hupigwa kama inavyoonekana, mwanzo hadi mwisho. La hasha. Mazungumzo ya dakika moja hukatwa vipande vingi. Kwa kila kipande kamera huhamishwa, taa huhamishwa, na kazi hiyo yaweza kuchukua saa moja au zaidi. Wakati huo mwigizaji hana la kufanya ila kungoja, naye lazima abaki vile vile alivyokuwa. Tope lililokuwa kwenye shavu la kushoto lisihamie la kulia. Shati lililolowa lisikauke, au likikauka lilowanishwe tena kwa kadiri ile ile. Yupo mtu maalumu anayelipwa kwa kazi ya kuandika mambo hayo daftarini, maana asubuhi ya leo na jioni ya juzi zitaunganishwa kuwa tukio moja. Mwigizaji akiachwa juani ufukoni Kashikishi, rangi za uso zitayeyuka, nzi watamzonga, na soko zima litakuja kumtazama. Trela ni ghala linalomhifadhi katika hali inayotakiwa. Humo hujifunza maneno yake, hubadili nguo bila kutazamwa, na hupata choo. Asiicheke neno hilo la mwisho yeyote aliyewahi kukaa kambini kwa wiki nzima penye vyoo vibovu.

Kuna na suala la bima. Kabla ya kazi kuanza, waigizaji wakuu hupimwa na daktari, kwa sababu akiugua fundi wa taa atapatikana mwingine, lakini akiugua mtu ambaye sura yake imekwisha kupigwa katika nusu ya picha, kazi husimama. Luapula ni miongoni mwa mikoa ya Zambia inayosumbuliwa sana na malaria, na Wilaya ya Nchelenge inajulikana sana kwa watafiti wa ugonjwa huo. Chandarua kizima na maji yaliyochemshwa, mahali kama hapo, ni vifaa vya kazi sawa na kamera.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya kuwatetea wakubwa. Tuwape mfano wa kweli, nao hauko mbali na ziwa letu kama inavyodhaniwa. Maji ya Mweru hutoka kaskazini, penye mji wa Pweto, kwa Mto Luvua. Luvua huingia Lualaba. Na Lualaba hushuka hadi Ubundu, mji uliokuwa ukiitwa Ponthierville, kusini ya Kisangani. Ni katika nchi hiyo, mahali panapoitwa Biondo kando ya Mto Ruiki, ambapo mwaka 1951 mwongozaji John Huston alipiga kambi kwa ajili ya sinema ya The African Queen. Waigizaji wake wakuu walikuwa Humphrey Bogart na Katharine Hepburn.

Sinema hiyo inawahusu wasomaji wetu kwa njia nyingine pia. Hadithi yake, iliyotoka katika kitabu cha C. S. Forester cha mwaka 1935, inakumbusha mapambano ya kweli ya Ziwa Tanganyika katika Vita Kuu ya Kwanza, pale Waingereza walipozisafirisha mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, kwa reli, kwa kukokotwa milimani Katanga na kwa mto, hadi ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka meli ya Wajerumani Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Goetzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na ndiyo hiyo iliyoitwa Liemba.

Turudi Biondo. Hapakuwa na hoteli. Kambi ilijengwa msituni. Siafu waliivamia. Mashua ya sinema ilizama, ikaopolewa. Watu wengi wakaugua tumbo na malaria. Bi Hepburn, ambaye hakupendezwa na ulevi wa wenzake, alishika maji ya kunywa akaugua vibaya, hali Bogart na Huston, walioshikilia wiski, walisimulia maisha yao yote kwamba hawakuugua. (Hatuitoi habari hii kama ushauri wa kitabibu kwa vikosi.) Upo wakati alipokuwa akiigiza mbele ya kinanda cha kanisani huku ndoo imewekwa karibu naye, nje ya jicho la kamera, ili atapike kati ya kipande na kipande. Walipohamia Uganda, katika maji ya Ziwa Albert na Nile ya Murchison, walilazwa katika meli ya magurudumu iliyoitwa Lugard II, ikawa ndiyo hoteli yao. Hata hivyo maradhi yaliwafuata humo humo. Vipande vya waigizaji kuingia majini wenyewe havikupigwa Afrika. Vilipigwa ndani ya tangi la studio mjini London, kwa kuogopa maradhi ya mitoni.

Lakini kisa kinachojibu swali letu vizuri kuliko vyote ni kile cha matishari, ambacho Huston mwenyewe alikisimulia. Mashua ndogo ya sinema ilivuta msafara mtoni: tishari la kwanza lilibeba mfano wa mashua na kamera, la pili taa na vifaa, la tatu jenereta, na la nne lilikuwa la Bi Hepburn, lenye chumba cha kuvalia, kioo kirefu na choo. Hiyo, kwa hakika, ilikuwa trela iliyoelea. Mashua ikashindwa kuvuta manne. Nadhani kila ofisa wa ugavi anajua ni lipi lililokatwa. Lilikatwa la nne, na tangu siku hiyo mwanamke huyo alivalia na kujisitiri vichakani kama wengine. Kazi ilikwisha, na Bogart akapata tuzo ya Oscar. Twajifunza kwamba sinema yaweza kupigwa bila chumba cha mwigizaji; lakini tukihesabu siku za ugonjwa na za kungoja, twaona pia kwamba ukosefu wa malazi bora una bei yake.

Mwaka uliofuata, 1952, kampuni nyingine ya Marekani ilikuja Afrika Mashariki kupiga Mogambo, chini ya mwongozaji John Ford, pamoja na Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Hao hawakubahatisha. Walijenga kambi ya mamia ya mahema karibu na Mto Kagera, wakatengeneza na kiwanja cha ndege. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba mwaka huo kwa sababu ya vita vya Mau Mau, na kampuni ilijiwekea walinzi wake yenyewe. Hapo malazi ya pamoja yalikuwa na maana ya kiulinzi: watu mashuhuri waliotawanyika katika nyumba kumi hawalindiki, walio katika kambi moja yenye lango moja hulindika.

Tumesema mwanzoni kwamba mara nyingine ni suala la uhai. Mwezi Machi 1997 huko California, msaidizi wa kamera katika sinema ya Pleasantville alikufa kwa ajali ya gari akirudi nyumbani usiku, baada ya kufanya kazi kama saa 19 mfululizo. Alisinzia akiwa usukanini. Hakuwa nyota, na hakuna aliyemwekea trela wala chumba cha hoteli.

Kisa cha pili kinawahusu moja kwa moja watu wa silaha. Tarehe 21 Oktoba 2021, katika jimbo la New Mexico, mwigizaji Alec Baldwin alikuwa akifanya mazoezi na bastola ya sinema ya Rust. Bastola ikafyatuka, ndani yake mlikuwa na risasi ya moto. Mpigapicha mkuu, Halyna Hutchins, akafa, na mwongozaji akajeruhiwa. Mtunza silaha wa sinema hiyo alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka 2024, akafungwa miezi 18. Kesi dhidi ya mwigizaji ilifutwa mwaka huo huo. Haya yanajulikana sana. Lisilojulikana sana ni kwamba asubuhi ya siku ile ile baadhi ya wafanyakazi wa kamera waliacha kazi na kuondoka. Miongoni mwa malalamiko yao yaliyoandikwa magazetini ni malazi: walitaka vyumba karibu na kazi, mjini Santa Fe, lakini walikuwa wakitakiwa kuendesha gari kutoka Albuquerque, kiasi cha kilomita 80, baada ya kazi ya kutwa.

Hatusemi kwamba kitanda kingeizuia ile risasi. Aliyeiingiza risasi ya moto mahali pasipostahili, na asiyekagua, ndio waliofungua mlango. Lakini kila mkufunzi wa shabaha anajua kwa nini huwaondoa uwanjani waliokesha.

Basi hapo ndipo hukumu yetu ilipo. Kosa la watu wa sinema haliko katika kuwapa waigizaji vyumba. Liko katika kuwapa waigizaji peke yao. Trela zenyewe zina vyeo: ipo ya mtu mmoja, ipo iliyogawanywa vyumba viwili au vitatu, na kuna wanaopewa kiti cha plastiki chini ya mti. Mwaka 2011 Will Smith, alipokuwa akipiga Men in Black 3 mjini New York, aliwekewa trela ya ghorofa mbili yenye urefu wa futi 53, yaani kama mita 16, katika mtaa mwembamba wa SoHo, mpaka wakazi wakalalamika na ikabidi iondolewe. Hiyo haikuwa kazi tena, ilikuwa fahari, na polisi wa barabarani ana haki ya kuiuliza maswali. Sinema zetu za Kiswahili, kwa uchache wa fedha, mara nyingi zimekwepa aibu hiyo bila kukusudia: nyumba moja hukodiwa, ikawa ndiyo uwanja wa kupigia picha, ndiyo chumba cha kuvalia, na usiku ukiwa mrefu ndiyo malazi ya wote, tangu mwigizaji hadi mbeba taa.

Tukirudi ufukoni Nchelenge na kipimo hiki mkononi, mambo machache huonekana wazi. Barabara ya lami inafika, kwa hiyo trela inafika. Lakini katika Kisiwa cha Kilwa, kilichomo ziwani upande wa Zambia, haitafika, na tishari la Bi Hepburn litarudi kuhitajika. Vyumba vya wageni vipo, ila si vingi kiasi cha kumeza kikosi cha sinema bila kuwasukuma nje wanunuzi wa samaki. Uvuvi hufungwa kila mwaka tangu Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, na miezi hiyo vyumba huenda vikapatikana kwa wepesi. Lakini ndiyo miezi ya mvua, na mashua zitakazotakiwa katika picha zimefungwa kwa sheria. Mwishoni mwa Julai kuna Mutomboko, sherehe ya Walunda wa Mwata Kazembe huko Mwansabombwe, nayo hujaza wageni njia nzima. Mwongozaji mwenye busara atakuja Mei au Juni, na atawalaza watu wake wote ndani ya boma moja.

Linabaki la sare na bunduki za bandia. Desemba 2000, Pweto ilipoanguka, maelfu ya raia na askari walivuka kutoka Kongo kuingia Zambia. Tangu mwaka 2017 wengine wengi walikimbia machafuko ya Katanga na Tanganyika, na mwaka 2018 ikafunguliwa makazi ya wakimbizi ya Mantapala katika wilaya hiyo hiyo ya Nchelenge. Mtu aliyelikimbia gwanda hawezi kutambua kwa mbali kwamba gwanda hili limeshonwa kwa ajili ya mchezo. Kwa hiyo mwigizaji asitoke hotelini akiwa amevaa sare. Atavalishwa ndani ya trela, mita chache kutoka kwenye kamera, na atavuliwa humo humo kabla ya kurudi kulala. Wanavijiji, wavuvi na wakazi wa Mantapala wataarifiwa siku na saa, kwa Kibemba na kwa Kiswahili, kabla ya mlio wa kwanza. Na bunduki, iwe ya mbao au ya chuma, haitalala hotelini wala katika trela ya mtu yeyote, awe nyota au asiwe. Jioni itahesabiwa, itaandikwa daftarini, na kukabidhiwa ghala la silaha la kituo cha polisi hadi alfajiri ya zamu inayofuata.